Jiwe la Tano Juu ya Pejo

Pi-pi, kisha piii ndefu.

Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na bado sauti hiyo ilikaa ndani ya sikio la Casimir kama tone la maji ya ziwa baada ya kuoga. Utikise kichwa utakavyo, halitoki. Ilikuwa honi ya Pejo 404, kamyoneti ya rangi ya maziwa. Aliyeipiga alikuwa André, dereva wa Mgiriki mmoja mwenye duka karibu na stesheni ya reli. Aliipiga saa za jioni mbele ya nyumba ya baba yake Anne, msichana waliyemtaka wote wawili, wakati Casimir amekaa sebuleni kwa adabu, magoti pamoja, kofia mkononi, baiskeli yake imeegemea ukuta wa nje. Honi ilipolia, Anne aliinua kichwa. Hakutoka. Aliinua kichwa tu, kidogo, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua vizuri.

Mwishowe Anne aliolewa na Casimir. Kwa nini yeye na si yule mwenye honi, Casimir hakuwahi kuuliza. Hilo lilikuwa jambo la ajabu kidogo, maana kuuliza ndiyo ilikuwa kazi yake.

Katika karatasi za serikali aliitwa citoyen, yaani mwananchi, Kisimba, kwa kuwa miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Lakini sokoni, kanisani na nyumbani alibaki Papa Casimir. Alijifunza ufundi katika karakana ya reli mpaka siku chuma kilipomponda kidole gumba. Baada ya hapo hakuweza tena kushika ufunguo wa kufungulia nati kwa nguvu, lakini sikio lilibaki zima. Alisimama mbele ya moteri inayonguruma, akafumba macho, na akifumbua alijua gari hilo limekula nini, limenyimwa nini, na lina thamani gani.

Na kazi ilikuwapo. Tangu ile Noeli ambayo noti za zaire tano na za kumi zilikufa kwa tangazo la redio, watu wa Kalemie waliogopa kulaza pesa sandukuni. Aliyekuwa na kitu alinunua kitu. Duka la magari halikuwapo. Gari lilitoka kwa padri anayerudi kwao, kwa mwalimu wa Kizungu aliyemaliza mkataba, kwa mjane aliyeachiwa kamyoneti bila funguo. Muuzaji alikuwa mtu mmoja na gari lake, na mapenzi yake kwa gari hilo, na mara nyingi uongo wake. Mnunuzi naye alikuja na tamaa na woga. Casimir alisimama katikati.

Alikuwa na namna yake, na mji mzima uliijua. Mfuko wa kushoto wa suruali yake ulijaa mawe madogo ya ufukweni, meusi, laini kama mbegu. Akishalisikiliza na kulikagua gari, alisimama mbele ya kapo, kile kifuniko cha moteri, akaanza kutaja makosa. Kila kosa, jiwe moja juu ya kapo, tak. Mwenye gari alikuwa na haki ya kusema, "Toa jiwe." Hapo Casimir alipaswa kulionyesha kosa lile mbele ya macho ya wote. Akishindwa, aliliondoa jiwe na kuomba radhi. Mawe yaliyobaki ndiyo yaliyopunguza bei. Ujira wake ulikuwa uleule, bei ishuke isishuke, na alilipwa na mnunuzi peke yake. Wapo wenzake waliokula hongo pande zote mbili na kuyaita hayo maharagwe ya watoto. Yeye hakuyala. Katika miaka yote hiyo wauzaji walikuwa wamesema "toa jiwe" mara nyingi sana, na Casimir alikuwa ametoa mawe mawili tu. Siku hizi wengi hawakusema tena. Jiwe la Casimir lilitosha.

Basi mwaka wa themanini na moja, mvua zikiwa bado mwezi mmoja, Théophile, kaka yake Anne, alifika asubuhi huku anahema.

"Shemeki, nimepata gari!"

"Umepata, ama umeonyeshwa?"

"Nimeonyeshwa. Kamyoneti. Nikiwa nayo, ndakala zangu zinafika Nyunzu siku hiyohiyo, si kungojea treni ambayo hata mukubwa wa stesheni hajui inalala wapi. Mwenyewe anaomba elfu kumi na ine. Ninataka mawe yako."

"Gari gani?"

Théophile alijikuna shingo. Alimtazama dada yake, aliyekuwa amekaa uani anachagua ndakala, wale dagaa wakavu, kwenye ungo mpana. Kisha akatazama chini.

"Pejo ya Papa André," alisema.

Anne hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutenga samaki na mchanga. Casimir aliviangalia vidole hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama vingeweza kuteleza na kumwambia kitu.

"Twende," alisema.

André alikaa mtaa wa Kataki. Mgiriki alipoondoka mwaka ule maduka ya wageni yalipochukuliwa, alikuwa amemwachia dereva wake kamyoneti badala ya mishahara aliyokuwa hajamlipa. Walimkuta ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba, amevaa abakosi, lile koti rasmi lisilovaliwa tai, iliyopigwa pasi, na miwani myeusi. Miwani myeusi, saa mbili ya asubuhi! Bado anajiona kijana wa honi, Casimir alisema moyoni. Bado anataka atazamwe.

"Karibu, citoyen mpunguza bei," André alisema, akacheka. "Nilijua siku moja utakuja kuitukana gari yangu."

"Mimi situkani, Papa André. Ninahesabu."

"Ni kitu kimoja, ila wewe unalipwa."

Kamyoneti ilikuwa kivulini. Casimir alitaka kuikuta imezeeka vibaya. Aliomba hivyo, Mungu amsamehe, njia nzima. Lakini ilikuwa imetunzwa kama mtoto wa pekee. Rangi ya maziwa ilikuwa imefifia kidogo tu. Viti vimeshonwa upya. Ile alama ya simba mbele imesuguliwa mpaka inang'aa. Kabla hata ya kufungua kapo, bei ya haki ilimjia yenyewe: elfu kumi na mbili. Si juu, si chini.

"Tuizungushe kwanza," alisema.

Théophile alishika usukani, André akakaa pembeni yake, na Casimir alisimama nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, ameshika chuma cha turubai, sikio likielekea kwenye moteri. Waliteremka mpaka bandarini, wakageuka, wakarudi kwa barabara inayopita mbele ya nyumba ya Casimir mwenyewe. Kwa kioo kidogo cha nyuma aliona André akimwinamia Théophile, akiuliza kitu. Théophile alijibu. Na hapo André alinyoosha mkono juu ya usukani.

Pi-pi, kisha piii ndefu.

Uani, nyuma ya ua wa matete, Anne aliinua kichwa. Casimir alimwona kutoka juu ya gari: mke wake wa miaka kumi na minne, mama wa watoto wake watano, ungo mapajani, shingo imenyooka. Na alitabasamu. Haikuwa kwa muda mrefu. Gari lilishapita.

Kuanzia pale hadi Kataki sikio la Casimir halikusikia tena moteri. Lilisikia hesabu nyingine. Alijua bei ya kila gari kati ya hapa na Moba, lakini hakujua Anne alimpata yeye kwa bei gani. Je, alikuwa ni mtu anayechukuliwa sokoni jua likizama, kwa sababu kile ulichokitaka kimeshakwenda? Je, miaka yote hii alikuwa mume aliyepunguzwa?

Walipofika, majirani wanne watano walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mawe ya Casimir yalipendwa kama mpira. Alisimama mbele ya kapo, akaingiza mkono mfuko wa kushoto.

"Tairi za mbele zimekwisha. Zote mbili." Tak.

"Zimechoka, hazijakwisha," alisema André.

"Basi sema: toa jiwe," alisema Casimir.

"Acha. Endelea."

"Gia, vitesi ya pili, inasaga meno." Tak.

"Hata mimi ninasaga, na bado ninakula," André alisema, na majirani wakaangua kicheko.

"Turubai limetoboka pande tatu. Samaki watalowana." Tak.

"Kweli."

"Inakula mafuta ya moteri. Inatoa moshi wa buluu." Tak.

"Ah-ah! Hapo nimekataa. Toa jiwe!"

Casimir aliomba kitambaa cheupe. Théophile aliwasha moteri, kitambaa kikawekwa kwenye bomba la moshi, na kikatoka na doa jeusi lenye mafuta. André alikichukua, akakisugua kati ya vidole, akakinusa.

"Haya. Liache," alisema kwa heshima. "Mawe mane. Elfu kumi na mbili. Tunaelewana?"

Théophile alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema ndiyo. Kila kitu kilikuwa kimefika mahali pake. Lakini mkono wa Casimir ulirudi tena mfukoni, na safari hii ulikuwa mfuko wa kulia, alimoweka leso na tumbaku, ambamo kwa bahati jiwe moja lilikuwa limepotea siku nyingi.

"Bado moja," alisema. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilivyokuwa tulivu. "Shasi imepasuka. Chini, upande wa dereva." Tak.

Tairi hununuliwa, turubai hushonwa. Shasi ni uti wa mgongo.

Alimngoja André aseme yale maneno mawili. Alikuwa amejiandaa. Angepiga magoti, angetazama chini ya gari, angesema, "Ah, kumbe ni tope," angeliondoa jiwe, na aibu ingekuwa ndogo, ya kucheka. Alichotaka ni kuona tu uso wa André ukianguka mara moja mbele ya watu.

André hakusema toa jiwe. Alivua miwani. Macho yake yalikuwa na ukungu, jicho la kulia jeupe karibu lote, kama maziwa ndani ya maji. Alipiga magoti taratibu, akapeleka mkono chini ya gari, akapapasa.

"Wapi?" aliuliza. "Sioni, Papa Casimir. Tangu Pentekoste sioni zaidi ya mikono yangu. Njo maana ninauza. Hata tulipokuwa njiani nilimuuliza Théophile tumefika wapi. Wapi, hapa?"

"Mbele kidogo," Casimir alisema. Hakuwa na pa kutorokea.

André alipapasa tena, kisha akatoa mkono na kujifuta kwa abakosi yake safi bila kujali.

"Vidole vyangu havipati kitu. Lakini kama jiwe ni la Casimir, sihitaji macho." Aliinuka, ameshikilia bamba la gari. "Na mimi Pasaka nilipakia ndani watoto wote wa kaka yangu! Mungu alitulinda. Asante, papa. Ungeniacha, ningeua muntu."

Ukweli ulikuwa umefika mpaka kwenye meno ya Casimir, ukaishia hapo.

"Basi elfu tisa," alisema Théophile haraka, "na mimi nitapeleka shasi iungwe kwa moto."

"Apana."

"Elfu kumi!"

"Apana, Théophile. Shasi ya kuungwa, barabara ya Nyunzu, magunia juu? Nimwuzie kaka yake Anne sanduku la kuzikia? Siuzi. Kesho asubuhi nitamwita Cyprien aikokote mpaka kwake. Aivunje, auze vipande. Atanipa elfu tano, itatosha."

Kaka yake Anne. Hata katika wema wake alilitaja jina hilo, na wivu ukamuuma Casimir mara ya pili, papo hapo juu ya aibu, vyote viwili kwa jino moja.

Nyumbani Théophile ndiye aliyeeleza yote, huku akipiga mapaja yake. "Gari nzuri vile! Kwa nje huwezi kujua! Bila shemeki ningekufa nayo." Alikula ugali wake kwa huzuni, akashukuru, akaenda zake.

Anne aliosha sahani. Kisha alirudi, akaketi kwenye mkeka mbele ya mume wake.

"Papa," alisema, "lile jiwe la mwisho ulilitoa mfuko gani?"

Casimir alifunika mfuko wa kulia kwa kiganja.

"Nilifua suruali hii juzi. Mfuko wa kuume ulikuwa na jiwe moja. Nimegusa mfuko sasa hivi ulipopita, halimo. Miaka yote hii sijaona ukitoa jiwe mfuko wa kuume."

"Uliinua kichwa," Casimir alisema.

"Nini?"

"Honi ilipolia. Uliinua kichwa, na ulicheka."

Anne alimtazama kama anayemtazama mtoto mwenye homa. "Kila muntu anainua kichwa akisikia klakisoni. Hata mbuzi. Na nilicheka kwa sababu nilikuona wewe, umesimama kule nyuma umeshika chuma kama gavana anapokea maandamano."

"Na zamani? Kwa baba yako?"

Swali lilikuwa limetoka. Miaka kumi na minne lilikuwa limekaa ndani, na sasa lilikuwa pale juu ya mkeka, dogo kuliko alivyofikiri.

"Zamani nilipenda honi ile," Anne alisema. "Sitakudanganya. Nilipenda sana. Lakini yeye alikaa ndani ya gari akaniita nitoke. Wewe ulishuka kwenye kinga yako, ile baiskeli, ukabisha hodi, ukakaa na baba yangu saa mbili nzima ukisikiliza habari za mguu wake." Alisimama, akajifunga kitenge. "Nilichagua mwenye kubisha hodi. Sikuchagua mwongo. Huyo wa leo simjui."

Akaingia ndani.

Casimir hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa njiani kwenda kwa Cyprien. Alijua kinachomngoja. Cyprien mvunja magari alikuwa na mdomo mpana kuliko lango lake. Kitakachosemwa kwake asubuhi kingeuzwa sokoni kabla ya adhuhuri pamoja na vyuma. Watu wangesema: kumbe Casimir naye. Kila gari lililouzwa kwa mawe yake lingekumbukwa upya, na kila aliyeshusha bei kwa ajili yake angejiuliza. Angetafuta kazi nyingine katika umri huu, kwa kidole gumba kisichofunga. Alipita daraja la Lukuga, na hapo katikati alisimama kidogo, kwa kuwa miguu yake ilikuwa na maoni tofauti na yake. Kisha akaendelea.

Pejo ilikuwa imekwisha kufika. Ilisimama kwenye uwanja wenye mafuta meusi, katikati ya mifupa ya magari mengine. Turubai lilikuwa chini, limekunjwa. Kiti cha mbele kilikuwa kimetolewa, na André alikuwa amekikalia, mkono wake mmoja juu ya bamba la gari, kama mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Cyprien, bila shati, alikuwa amejiinamia kwenye gurudumu na ufunguo mkubwa.

"Eh! Umekuja mazishi, papa?" Cyprien aliita. "Bado sijaona huo ufa wako. Nitauona nikishatoa magurudumu."

"Acha kwanza gurudumu," alisema Casimir.

"Niache? Siku inakwenda!"

"Acha kidogo, ndugu yangu. Ninakuomba."

Cyprien aliuweka ufunguo chini, akajifuta jasho, na masikio yake yakafunguka.

"Ni Papa Casimir?" André aligeuza uso kufuata sauti. "Ni vizuri umefika. Umesahau vitu vyako." Akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo, akaifungua juu ya goti lake kwa vidole vyenye kutafuta. Mawe yote matano yalikuwamo. "Yangeanguka gari ikikokotwa, nikayaokota moja moja. Muntu asipoteze vyombo vya kazi yake."

Casimir aliyapokea. Yalikuwa na joto la mfuko wa André. Alisogea mbele ya Pejo, akayaweka tena juu ya kapo, polepole, kila moja mahali lilipokuwa jana: tairi, vitesi, turubai, moshi. Kisha la tano. Tak. Cyprien alikuwa amesimama karibu, mdomo wazi, anatazama jiwe na kumtazama mwenye jiwe.

Casimir alirudi, akachuchumaa mbele ya kile kiti kilichotolewa, mpaka uso wake ukawa sawa na yale macho yenye ukungu. Hapakuwa na baiskeli, wala ukuta, wala mlango wa kubisha. Aliuweka mkono wake mbovu juu ya goti la André.

"Papa André," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Niambie: toa jiwe."